Msusi Hakusahau, Aliahirisha

Wanaomkumbuka msusi wetu wa International City, Dubai, husifu kwanza mikono yake. Mimi naanza na kinyongo chake, kwa sababu ndicho nilichokijua zaidi, na kwa sababu yeye mwenyewe hakukionea haya. "Mimi sisahau," alikuwa akisema, chanuo likiwa mdomoni, "naahirisha."

Alizaliwa wapi na mamake alikuwa nani, sikumuuliza. Lafudhi ilitosha kunijulisha kuwa ni mtu wa Mombasa. Katika fleti yetu tuliishi wanawake sita, na yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu, alipewa kitanda cha dirishani. Mchana wateja walikuja wakaketi sakafuni baina ya magoti yake: mayaya, wauguzi, wauza duka, wake za watu kutoka nyumba kubwa. Sote tulimwita Msusi. Tukizungumza naye tulimwita Mama, naye akatuita wanawe, isipokuwa akikasirika. Akikasirika hakukuita chochote.

Kabla ya kusuka alikuwa yaya katika nyumba moja ya kitajiri. Siku moja madam wake alipoteza pete, akamwita sebuleni mbele ya wageni, akamvua mtandio na kumpekua mpaka kwenye mikunjo ya nywele. Baadaye pete ilionekana kwenye pochi ya madam mwenyewe. Wale wageni hawakuambiwa. Msusi alimaliza mkataba wake, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Miaka ikapita. Madam yuleyule akasikia kuna mwanamke hodari wa kusuka, akamwita awasuke mabinti zake siku ya Idi. Msusi alikwenda. Aliwasuka tangu asubuhi, kichwa baada ya kichwa, mpaka wageni wakaanza kuingia, wengi wao walewale wa siku ile. Alipofika kwenye kichwa cha mwisho, akasema kwa Kiarabu chake cha jikoni, taratibu, kama anayeuliza hali ya mgonjwa: "Madam, ile pete uliyonivulia mtandio mbele ya hawa mabibi, si uliiona siku ya pili kwenye pochi yako?"

Madam akajibu, "Khalas, hayo ya zamani."

"Ya zamani, naam," Msusi akasema, akaendelea kusuka. Alituambia kuwa msuko ule wa mwisho ulikuwa mzuri kuliko yote aliyowahi kusuka maishani mwake, na namuamini.

Mtu atadhani alikuwa mtu mbaya. Hakuwa. Alifunga Jumatatu na Alhamisi, na hakula peke yake hata siku moja. Mwenzetu mmoja wa fletini alimsengenya kwa watu, na Msusi akaacha kabisa kusema naye. Mwaka ule ule yule dada akashikwa na homa kali, hajiwezi hata kuinuka. Msusi alimpikia uji asubuhi na jioni, akauweka kando ya kitanda, akamgeuzia mgongo bila salamu. Dada alipopona alimfuata jikoni kumshukuru. Msusi akamwangalia kama ukuta, akaendelea kukatakata vitunguu. Nilimuuliza ilikuwaje amlishe mtu asiyesema naye. Akanijibu, "Uji si salamu."

Jambo jingine lililonishangaza ni kwamba hakuimba. Wasusi niliowajua kwetu Malindi huimba, au angalau huvumisha kitu puani mikono ikienda. Yeye hakuvumisha hata wimbo wa kubembeleza. Mtoto wa mteja akilia alimpiga mgongoni polepole, kimya. Nilifikiri ni dini. Nilikosea.

Mimi siku hizo nilikuwa karani katika ghala moja Jebel Ali, na mapenzi yangu yote yalikuwa kwa bendi moja. Jina lake silitaji. Msusi alinikataza, alisema jina likitajwa hupata chakula. Ilikuwa bendi ya watu wa pwani iliyopiga kila Ijumaa alasiri katika ukumbi wa mkahawa mmoja Deira, na mimi sikukosa. Nilipanda basi, nikapanda metro, nikasimama mbele karibu na spika. Kiongozi wao alipiga kinanda. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, na vidole vilivyokwenda kama maji. Nyimbo zao nilizijaza simuni mpaka picha za mamangu zikakosa nafasi.

Ijumaa moja asubuhi nilikaa magotini pa Msusi anisuke. Simu nikaiweka juu ya godoro, nikafungulia nyimbo.

"Huu wapenda?" akauliza wimbo wa kwanza ulipoanza.

"Sana, Mama. Hawa wana vipaji. Wametunga wenyewe."

"Huo ni wa Tanga. Nimeuchezea nikiwa mwari."

Nikaweka wimbo wa pili. Akasema huo sauti yake ni ya filamu ya Kihindi, wamebadili maneno tu. Wa tatu ukawa wa Unguja. Wa nne wao kweli, akasema, na ndiyo sababu ni mbovu. Nilihisi nimedanganywa. Kwa miaka miwili niliwatangazia wenzangu kazini kuwa watu wetu wanatunga, kumbe nusu ya niliyoyapenda yalikuwa ya watu wengine, na wengine wao wameshazikwa.

Nilimwambia hivyo. Akacheka, jambo la nadra. "Mwanangu, kuimba wimbo wa mtu si wizi. Wimbo huimbwa ndipo uishi. Wizi ni kusema umeuzaa wewe."

"Basi ngoja usikie huu. Huu ni wao hasa, hakuna aliyeuimba kabla yao. Ndio unaowapatia jina."

Nikaufungulia. Kinanda kikaingia, ngoma zikafuata, makofi, na sauti ya kijana wao mwimbaji:

*Lala nikufunikiye, baridi isikuguse, mpenzi,*
*mlango niufungiye, upepo usikutese, mpenzi.*

Mikono ikasimama kichwani mwangu. Nilingoja.

"Zima," akasema.

Nikazima. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hawa wapiga wapi?"

"Deira, Mama. Kila Ijumaa. Twende leo, nitakupeleka."

"La." Akaendelea kusuka. Alinikaza nywele siku ile mpaka macho yakavutika, na kwa siku kadhaa sikuweza kulaza kichwa kwenye mto. Deira hakwenda, siku ile wala nyingine. Mimi nilikwenda, nikacheza ule wimbo kama kawaida, nikashangilia.

Siku chache baadaye alinieleza. Tulikuwa wawili tu jikoni, tukichambua mchele. Hakutangulizia maneno. Alisema: yule mpiga kinanda alikuwa mume wangu. Tulizaa mtoto mmoja wa kiume, akafa hajatambaa. Wanaume wakaja wakamchukua kumzika, mimi nikabaki ndani na shuka lake. "Kwetu mwanamke hafiki makaburini," akasema. "Basi sikuona walivyomlaza. Nikawa namlaza mwenyewe kwa maneno."

Siku zote za matanga aliimba wimbo ule chumbani, peke yake, polepole kama anavyobembelezwa mtoto. Kufunikwa kule kulikuwa kufunikwa kwa mchanga. Mlango ule ulikuwa wa mwanandani, pale maiti anapolazwa kaburini. Mumewe aliusikia kupitia ukutani. Haujapita mwaka akaondoka kuja Ghuba na wapigaji wenzake, akamwachia talaka kwa mdomo wa kakake. Msusi aliusikia tena ule wimbo harusini kwa jirani, ukitoka kwenye kaseti. Maneno yalikuwa yaleyale, lakini mwisho wa kila kipande kumeongezwa "mpenzi", na chini yake ngoma ya kuchezea. Watu walikuwa wanakata viuno. Wakamwambia, "Inuka ucheze, huyu si mumeo?"

"Ukafanyaje?"

"Nikainuka nikenda zangu nyumbani."

"Na hapa Dubai ulimfuata yeye?"

"Nilikuja kutafuta riziki. Nilisikia yeye yuko Maskati." Akapuliza pumba kwenye ungo. "Ubeti wa pili hakuuchukua. Haukufaa kuchezwa."

Akanisomea ule ubeti, bila kuuimba:

*Kitanda chako mchanga, mto wako ni jabali,*
*mikono yangu michanga, haifiki huko mbali.*

Nililia. Yeye hakulia. Alinitazama na kusema, "Lia ukimaliza tubandike chungu." Jioni ile nikaufuta ule wimbo simuni, na katika moyo wangu nikaanza kumchukia yule mtu na vidole vyake. Nilitaka Msusi aende Deira amkabili pale pale, mimi niwe nyuma yake. Nilimsukuma kwa maneno kila wiki. Hakwenda. Ukapita Ramadhani, ukapita Mfungo Mosi, nikaanza kufikiri ameshakata tamaa.

Katika wateja wake alikuwako Bi Mkubwa mmoja wa Al Warqa, mzaliwa wa Unguja aliyekaa Dubai tangu barabara zikiwa mchanga, mwenye watoto na wajukuu wenye pasi za huku na Kiswahili cha kule. Mjukuu wake mmoja alikuwa anaolewa. Msusi alikwenda mara kadhaa kumtengeneza yule bibi harusi nywele, nami nilimsindikiza siku za mapumziko yangu. Alimpenda yule binti. Alimpaka mafuta ya nazi kichwani kwa upole ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuupata.

"Msusi," Bi Mkubwa akasema siku moja, "siku ya hina mimi nataka taarabu ya kikwetu. Hizi santuri za kompyuta za watoto zinaniumiza kichwa. Wewe unajua bendi?"

"Iko moja Deira, Bi Mkubwa," Msusi akajibu, hakuinua macho. "Wapiga vizuri sana. Uwaambie wasiache kuupiga ule wimbo wao wa *Lala*. Ndio wanaojulikana nao."

Nilimtazama. Njiani kwenye basi nikamuuliza, "Mama, umeshamsamehe?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama jua huchomoza magharibi.

Siku ya hina ilikuwa Ijumaa, alasiri, katika hema lililofungwa uani kwenye ile villa. Wanawake peke yao, wamevaa madira na kukoga udi, mitandio imetupwa mabegani. Simu zote zilikusanywa mlangoni, isije picha ya mtu ikatoka nje. Bendi iliwekwa nyuma ya pazia zito la kijani, kwa kuwa wapigaji ni wanaume. Tuliwasikia, hatukuwaona, nao hawakutuona. Upande wetu palikuwa na maikrofoni moja ya kutajia watoaji tunzo. Msusi alikaa nyuma ya bibi harusi, akimchomeka asumini.

Walipiga nyimbo nne au tano. Kisha Bi Mkubwa akaagiza, "Wapigeni ule wenu." Kinanda kikaingia, vigelegele vikapanda, wasichana wakaruka katikati. Kijana wao akaimba ubeti wote na "mpenzi" zake. Kinanda kikabaki peke yake, pale ambapo hupigwa kwa madaha kabla ubeti haujarudiwa.

Msusi akainuka. Akachukua maikrofoni kwenye mkono wa aliyeishika, bila kumnyang'anya, kama mtu anayepokea kikombe. Ndipo nikamsikia akiimba, mara ya kwanza.

Haikuwa sauti nzuri. Ilikuwa imekauka kwa kutotumiwa. Lakini aliimba polepole mno, hata ngoma zikashindwa kumfuata, moja ikanyamaza, nyingine ikanyamaza. Alianza ubeti wa kwanza bila "mpenzi" hata moja. Aliposema *mlango niufungiye*, kinanda kikakatika.

Wasichana wakasimama walipokuwa. Msusi akageukia pazia.

"Piga," akasema. "Nilipokuwa nalia ulijua kupiga."

Kisha, na hili sitalisahau, kinanda kikaanza tena, noti moja moja, kama mtoto anayejifunza. Akaimba ubeti wa pili, wa kitanda cha mchanga. Wanawake wazima wakaanza kuelewa. Nilimwona mmoja akavuta mtandio wake akajifunika kichwa. Akamalizia na ubeti ambao mimi sikuwahi kuusikia. Nadhani aliutunga miaka hiyo yote aliyokuwa kimya juu ya vichwa vya watu:

*Baba mtu hakulia, alitafuta midundo,*
*msiba kautumia, ukachezwa kwa vishindo.*

Bi Mkubwa akasimama. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini hema zima lilimgeukia. "We mpiga kinanda," akasema kuelekea pazia. "Wimbo huu wa nani?"

Bi Mkubwa akalisogelea pazia.

"Nakuuliza, baba. Umekula chakula changu. Wimbo wa nani?"

"Wake," sauti ikasema.

"Na aliyelazwa?"

"Mwanetu."

Msusi akaiweka maikrofoni juu ya kiti, akachukua mkoba wake wa machanuo, akatoka. Nilimfuata. Tulipofika getini nilisikia nyuma yetu mtu analia, na ilikuwa sauti ya bibi harusi.

Yaliyofuata nayasema bila kujikosha. Hakuna picha iliyotoka katika lile hema, lakini wanawake hamsini hawahitaji simu. Kabla ya wiki kwisha habari ilifika Sharjah. Mimi na wenzangu wa fletini, hata yule dada wa uji, tulikwenda Deira Ijumaa iliyofuata, tukakaa meza ya mbele. Wimbo ulipoanza tukasema kwa sauti, sote pamoja, "Ubeti wa pili." Kiongozi akaangalia vidole vyake. Ijumaa nyingine tukarudi, na nyingine. Mwenzetu wa Nairobi, ambaye taarabu haielewi hata kidogo, alikuwa ndiye mwenye sauti kubwa zaidi. "Buda, second verse," alimpigia kelele, "ama umeisahau?" Watu wa meza nyingine wakaanza kuuliza, tukawaeleza. Bendi ikaacha kuupiga. Kisha mialiko ya harusi ikakauka, kisha mkahawa ukaleta mtu wa kupiga santuri. Nilipoona jukwaa tupu nilifurahi, furaha ya kweli, ya kushibisha.

Lakini kisasi kile kilimgharimu na Msusi mwenyewe. Bi Mkubwa wa Al Warqa hakumwita tena, na nyumba nyingi zilizomjua kwa njia yake zikafunga milango. Walisema haki ilikuwa yake, ila mtu haingizi matanga kwenye hina ya mtoto wa watu. Binti mwenyewe, tulisikia, alikataa kusukwa nywele siku ya harusi, akafunga kilemba tu. Nilimuuliza Msusi kama lile lilimuuma.

"Yule mtoto hakuwa na kosa," akasema. "Lakini pazia jingine ningelipata wapi?"

Hakusema zaidi, na hakuonekana mwenye raha niliyoitarajia. Alirudi kwenye ukimya wake. Mimi ndiye niliyekuwa nikiisimulia hadithi kwa kila mgeni aliyekuja kusukwa, naye akaniacha niisimulie, kama vile inamhusu mtu mwingine.

Baadaye kampuni ilinipa chumba Jebel Ali, nikahama. Tulionana mara chache, kisha tukasalimiana kwa simu, kisha sikukuu kwa sikukuu. Mara ya mwisho nilimkuta kwenye kituo cha metro cha Rashidiya, adhuhuri, miaka kadhaa baada ya ile hina. Ameketi juu ya sanduku lililofungwa kamba. Anarudi Mombasa, akasema, magoti hayamkubali tena kukaa na vichwa vya watu. Nikaketi naye mpaka mpwawe aje na gari kumpeleka uwanja wa ndege.

"Yule mtu alinipigia simu," akasema.

Sikuuliza yupi.

"Si yeye hasa. Jirani yake. Mwenyewe yuko Mombasa, amepooza upande, mkono mmoja haufanyi kitu. Ataka radhi. Wakamwekea simu sikioni."

Moyo wangu ukaruka, kusema kweli. Mkono wa kinanda. Nilitaka kusema Mungu ni mkubwa, nikauona uso wake, nikanyamaza.

"Mimi nilikuwa na swali lake," akasema. "Nimelihifadhi tangu siku ile ya kaseti. Nikamuuliza: mtoto alikuwa akiitwa nani? Nilijua hatajua. Hakumbeba zaidi ya mara mbili tatu. Nikangoja akosee, ili nikate simu na nilale."

"Akakosea?"

"Ulimi mzito, lakini akalitaja. Jina lake lote, na la babu yake." Akafunga fundo la kamba lililokuwa limeshafungwa. "Kisha akataja lile jina la nyumbani, nililokuwa nikimwita mimi nikimwogesha. Lile sikuwahi kulitamka mbele ya mtu."

Treni ikaingia, watu wakatoka na mizigo yao, tukainua miguu wapite.

"Ukamsamehe?"

"Sikumwambia kitu. Nikakata." Akashusha miguu sakafuni. "Mamangu amekufa. Shangazi zake wamekufa. Kila aliyemwona yule mtoto amekufa, mwanangu. Tumebaki wawili tunaomkumbuka, na mwenzangu ndiye yule."

Mpwawe akapiga honi nje. Nilimbebea sanduku mpaka kwenye gari, nikambusu mkono, akapanda bila kugeuka.